Baridi ya mchana itengenezwe usiku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu majengo makubwa ya mijini na namna yanavyopozwa. Mimi ni fundi wa viyoyozi na kazi yangu nyingi iko juu ya mapaa. Saa nane mchana huko juu hapakaliki. Feni zinatema hewa ya moto, kompresa, yaani mashine zinazobana gesi ya kupozea, zinanguruma kwa pamoja, na spana ukiiacha juani kidogo tu haishikiki. Paa la jirani ni vivyo hivyo. Kila jengo lina mitambo yake, iliyonunuliwa kwa kipimo cha siku yenye joto kuliko zote, na yote inavuta umeme saa ile ile gridi imeelemewa. Usiku mingi imelala.

Katikati ya jiji la Chicago wanafanya vingine tangu 1995. Mtambo mkubwa unagandisha maji usiku, watumiaji wa umeme wakiwa wachache. Mchana barafu inayeyushwa, na maji yenye baridi kali yanasukumwa kwenye mabomba chini ya barabara hadi majengoni. Jengo halihitaji kompresa yake. Lina pampu na chombo ambamo maji ya mtaani hupokea joto la maji ya ndani bila kuchanganyika nayo, kisha hurudi mtamboni.

Kwa nini barafu, na si tangi la maji baridi tu? Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334 za joto. Kilo moja ya maji ikipanda kutoka nyuzi 5 hadi 12 hunyonya kama 29. Tangi la barafu basi huwa dogo mara kadhaa, na mjini kati nafasi ni shida. Hata "tani" tunayopimia viyoyozi ilitoka huko: ni baridi ya tani moja ya barafu, ile ya Marekani ya kilo 907, inayoyeyuka kwa saa 24.

Kugandisha kunataka mtambo ushuke chini ya sifuri, hivyo hula umeme zaidi kuliko kupoza maji. Ubaridi wa hewa ya usiku hufidia sehemu ya hasara hiyo, si lazima yote. Anayelinganisha asihesabu uniti za umeme peke yake, atazame zimetumika wakati gani wa siku. Na pale ambapo bei ya umeme ni moja usiku na mchana, mwenye jengo atagandisha ya nini? Hapo wanaopanga bei wana kazi.

Kinachoniuma zaidi ni kuchelewa. Niliwahi kuitwa kwenye mtaa wa maghorofa mapya, barabara ikiwa bado udongo mtupu. Nikauliza kama mabomba ya pamoja yamefikiriwa. Nikajibiwa kila mwenye jengo ameshaagiza mitambo yake. Niliporudi kufunga ya kwanza, lami ilikuwa imeshamwagwa.

Ninawaomba wapangaji wa miji wadai hesabu ya baridi ya mtaa mzima kabla ya kutoa kibali cha jengo la kwanza.

Fundi wa viyoyozi