Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama wa Unguja na Pemba, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu walezi na wageni mliofika, Assalamu alaykum.

Katiba ya Jumuiya yetu, inayotetea haki za watunzi na uhuru wa kusema mtandaoni, inamtaka Mwenyekiti alete mbele ya Mkutano Mkuu taarifa ya kazi za mwaka. Ya kawaida nitayapitia haraka, maana wengi wenu mlikuwepo na wasiokuwepo walipata habari zake. Lipo jambo moja, la kura yangu juu ya video ya Wete na barua ya kutaka nijiuzulu, ambalo limezungumzwa sana nje ya vikao kuliko ndani ya vikao, na hilo nitalieleza kwa urefu.

Shughuli za mwaka

Tulifanya darasa la hakimiliki Vuga kwa vijana wa taarab na wa muziki wa kizazi kipya, na jengine Chake Chake. Tulipitia kwa pamoja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, zilizochukua nafasi ya zile za 2018. Wanachama kadhaa walisaidiwa kujaza fomu za COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, ili kazi zao ziandikishwe. Kamati ilikutana kila mwezi isipokuwa Ramadhani. Kikao cha mwanzo wa Novemba nacho hakikufanyika, kwa sababu intaneti ilikatika nchi nzima tangu siku ya uchaguzi, 29 Oktoba, na wajumbe wa Pemba hatukuweza kuwapata.

Mijadala yetu ya jioni iliendelea. Uliotuchukua muda mrefu zaidi ulihusu mipaka ya mamlaka. Hakimiliki si jambo la Muungano: Bara wana Sheria Na. 7 ya 1999, nasi tuna yetu Na. 14 ya 2003. Posta na simu ni jambo la Muungano. Kwa hivyo wimbo uliotungwa Kikwajuni unalindwa na sheria ya Zanzibar, lakini njia unayopita ili ufike kwenye simu ya msikilizaji inasimamiwa kwa sheria nyengine, na mtandao unaouhifadhi uko Marekani chini ya sheria ya tatu. Wanachama walibishana vizuri, kwa hoja, na nawapongeza.

Nitaje pia kwamba mwanachama wetu mmoja aliweka mtandaoni rikodi ya zamani ya Siti binti Saad, katika zile alizorikodi Bombay mwaka 1928, na siku hiyo hiyo kampuni asiyoijua ikadai kwamba ni mali yake. Siti alifariki 1950. Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unataka kazi ilindwe kwa uhai wa mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Hata katika nchi zinazotoa miaka 70, muda kwa zile alizotunga mwenyewe umekwisha. Pingamizi la madai yale niliandika mimi mwenyewe, usiku, na madai yakaondolewa. Sikusikia mtu akilitaja hilo katika barua zilizoandikwa dhidi yangu.

Uamuzi wa Kamati kuhusu video ya Wete

Mwezi wa Juni kijana mmoja wa Wete, asiye mwanachama wetu, alitoa video ya dakika tisa akichambua wimbo mpya wa msanii ambaye ni mwanachama. Alipiga vipande vitatu vya wimbo, vyote pamoja havifiki dakika moja. Alitaja jina la wimbo na la mwimbaji. Alisema tuni imefanana mno na wimbo wa zamani, na kwamba vina vya ubeti wa pili vimelegea. Maneno yake yalikuwa makali, sikatai.

Msanii wetu aliiomba Jumuiya imuandikie barua yenye muhuri, aiambatanishe na ombi la kutaka video iondolewe kwa sababu ya hakimiliki. Wajumbe wanne walikubali, wanne walikataa. Katiba inampa Mwenyekiti kura ya uamuzi pale kura zinapolingana. Niliipiga, na barua haikuandikwa.

Tangu siku hiyo imesemwa kwamba nimewauza wasanii. Imesemwa kwamba kijana yule ni jamaa yangu. Si jamaa yangu, na sikuwa namjua mpaka video ile ilipoletwa mbele ya Kamati. Barua ya kutaka nijiuzulu imetiwa saini na wanachama kumi na mmoja, baadhi yao wakiwa hawajahudhuria kikao hata kimoja mwaka huu. Nimeipokea kwa heshima, na ninaijibu hapa mbele ya wote.

Kwanza, tuelewe chombo tulichoombwa kukitumia. Mtandao ilikowekwa video ile ni wa Marekani, na unafuata sheria yao ya mwaka 1998. Sheria hiyo inaukinga mtandao usishitakiwe kwa kosa la mtumiaji, kwa sharti kwamba ukipokea malalamiko ya hakimiliki uiondoe kazi ile bila ya kuchelewa. Mtandao hauna faida yoyote ya kukaa na kupima nani ana haki. Unaondoa kwanza. Kijana akitaka video yake irudi, ni lazima aandike pingamizi, atoe jina lake kamili na anuani yake, ambazo zitapelekwa kwa mlalamikaji, na akubali kushitakiwa katika mahakama ya Marekani. Hilo la mahakama limeandikwa ndani ya sheria yenyewe kwa watu wanaoishi nje ya nchi ile. Mlalamikaji akiwa hakufungua kesi, video inarejeshwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Kijana gani wa Wete mwenye simu moja na bando la wiki atatia saini karatasi inayomtaja hakimu wa California?

Muhuri wetu ungewekwa juu ya jambo hilo, nami nisingeweza kuuweka.

Pili, sheria ya hakimiliki yenyewe haikatazi alichokifanya. Kifungu cha 10 cha Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo tangu 1994, kinaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma, mradi nukuu iwe ya haki, isizidi kile kinachohitajika, na chanzo na mtunzi vitajwe. Huko huko Marekani, mama mmoja wa Pennsylvania aliweka mwaka 2007 video ya nusu dakika ya mtoto wake akicheza muziki jikoni. Kampuni ya muziki ikataka iondolewe, na ikaondolewa. Yule mama akaenda mahakamani, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema kwamba mwenye haki ni lazima azingatie kama matumizi yale ni halali kabla hajapeleka malalamiko. Miaka minane kwa nusu dakika. Niliwasomea wajumbe habari hiyo kikaoni, na mwenye kutaka kusoma zaidi nitampa.

Walioniambia kwamba hizi ni sheria za wenzetu na sisi tuna mila zetu, nawakumbusha mila zetu. Malumbano ya washairi wa visiwa hivi yameishi kwa kunukuu. Mshairi anaushika ubeti wa mwenzake, anaurudia mbele ya watu, kisha anaujibu. Wanaopenda taarab wanajua vilabu vilivyoshindana na nyimbo zilizojibizana, mmoja akichukua neno la mwenzake na kulirudisha na maana mpya. Lau kila aliyejibiwa angekuwa na uwezo wa kuufuta ubeti wa mjibu wake, leo tungekuwa na urithi wa upande mmoja tu.

Tatu, wapo waliosema kwamba kijana ametukana. Kama ametukana au amesema uongo uliomvunjia msanii heshima, ipo daawa ya kashfa na zipo mahakama. Hapo msanii atatakiwa athibitishe, na kijana atapata nafasi ya kujitetea. Hakimiliki ni haki ya mtu kula jasho lake. Haikuwekwa ili mtu asikosolewe, na tukianza kuitumia hivyo, siku tutakapokwenda mbele ya Baraza la Wawakilishi kutaka sheria ya 2003 iwape wasanii nguvu zaidi mtandaoni, wataturejeshea barua yetu wenyewe na kutuuliza nguvu hizo tunazitaka za nini.

Nne, na hili ndilo linaloniuma. Jumuiya hii imeandikwa kwa malengo mawili, kutetea haki za watunzi na kutetea uhuru wa kusema katika mtandao. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinatoa uhuru wa maoni. Tumekaa humu mwaka mzima tukilalamika kwamba mtandao wa X ulifungwa nchini mwezi wa Mei. Tumelalamikia kifungu cha 16 cha sheria ya 2015, kinachoweka faini au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, kwa kusambaza habari zinazosemwa kuwa ni za uongo. Tumekumbushana kwamba kanuni za 2018 zilimtaka mwenye ukurasa mdogo wa habari alipe zaidi ya shilingi milioni mbili ndipo aandike. Tumesema yote hayo kwa sauti kubwa. Halafu mtu mmoja anakosoa wimbo wa mwenzetu, nasi tunatafuta njia ya kumfunga mdomo! Anayetaka Serikali ivumilie maneno makali hawezi yeye mwenyewe kushindwa kuvumilia dakika tisa.

Asiseme mtu kwamba siwajali wasanii. Mwezi wa Machi duka moja hapa mjini lilikuwa likiingiza albamu nzima ya mwanachama wetu kwenye flashi na memori kadi za wateja, kwa pesa. Nilikwenda mimi na Katibu. Niliandika barua, nikaiwekea muhuri huu huu, nikaeleza sheria, na duka likaacha. Yule alichukua kazi yote na akauza. Huyu wa Wete amechukua kipande ili aseme neno lake, na hakuna msikilizaji atakayeacha kuununua wimbo kwa kuwa amesikia sekunde ishirini zake ndani ya mjadala wa vina.

Msanii wetu alipeleka malalamiko mwenyewe, bila ya muhuri wa Jumuiya. Hiyo ni hiari yake. Video iliondolewa siku ya pili, na chaneli ya kijana ikapewa onyo. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanafuta chaneli nzima. Kijana hakuandika pingamizi. Nilimtumia ujumbe kwamba Jumuiya iko tayari kumsaidia kuliandika, akanijibu kwa adabu kwamba anaogopa. Video haijarudi mpaka leo. Wapo wanachama waliofurahi na kuandika kwamba "amepigwa kopirait". Mimi sikufurahi. Nikiulizwa tena kesho nitapiga kura ile ile.

Mahudhurio na ada

Hapa nasema kwa uchungu. Daftari lina wanachama 64. Mkutano wa Aprili ulihudhuriwa na 17, wa Agosti na 14, na huo wa Agosti ulichelewa saa nzima tukisubiri akidi. Lakini siku ya kujadili video ya Wete nilipigiwa simu na watu ambao sura zao nimezisahau. Kutia saini barua ya kumuondoa Mwenyekiti imekuwa rahisi kuliko kuja kumuuliza.

Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi. Waliolipa kamili ni 23, waliolipa nusu ni 11. Jumla ni 684,000, na deni lililobaki kwa wanachama ni 852,000. Tulipata michango ya wahisani 400,000, hivyo mapato yote ni 1,084,000. Kodi ya chumba 600,000, nauli za boti za wajumbe wa Pemba 210,000, chai na vitafunwa vya mikutano 138,000, vocha na bando 96,000. Jumla ya matumizi 1,044,000, salio 40,000. Mshika Fedha anazo risiti zote. Nauli zangu za kwenda Chake Chake nilijilipia na hazimo katika hesabu hizi.

Kati ya kumi na mmoja waliotia saini, wenye ada kamili ni watatu. Katiba inasema asiyelipa hapigi kura. Mwaka huu Kamati imeamua kifungu hicho kifuatwe, na Katibu ataanza kupokea malipo mlangoni kabla ya uchaguzi.

Mwaka unaokuja

Tunatarajia, Inshaallah, kupata chumba kikubwa zaidi. Tunatarajia kuandaa maoni juu ya marekebisho ya sheria ya hakimiliki, hasa haki ya kunukuu na haki ya anayeondolewa kazi yake kusikilizwa hapa hapa nchini. Suala la akili mnemba, kwamba sauti za wasanii wetu zinatumika kuifundisha mashine bila ya idhini wala malipo, limeulizwa na wengi na tutaliundia kamati ndogo fedha zikiruhusu. Madarasa ya Pemba tungependa yawe mawili, na Mkoani wametuomba tusiwasahau.

Namshukuru Katibu, Mshika Fedha, na wajumbe wote wa Kamati, pamoja na wale wanne waliopiga kura tofauti nami na wakaendelea kufika vikaoni. Uchaguzi wa viongozi ni ajenda ya saba. Fomu yangu nimeirejesha na nagombea tena nafasi hii.

Naomba taarifa ipokewe na ijadiliwe.

Ahsanteni.

Mwenyekiti