Planta ya ofa haijaja, na sasa kampuni inanitaka bandani kwake

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkulima wa viazi mviringo na mahindi huku Wanging'ombe, mkoani Njombe. Naomba ushauri wa wasomaji wako, hasa wale waliowahi kudai ofa ya kampuni wakaipata, na hata wale waliodai wakaishia kuzungushwa.

Nane Nane ya mwaka jana nilikwenda Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, kutafuta reja, zana ya kufunga nyuma ya trekta ya kuinulia matuta. Anayelima viazi ananielewa. Kuinua matuta kwa jembe la mkono ni kazi ya kuvunja migongo, na mvua zikishaanza vibarua wanajipangia bei wanavyotaka. Trekta tunalo, Massey Ferguson 240 kuukuu la familia, ila zana yake ilikuwa plau ya sahani tatu basi. Reja iliyokamilika ilinishinda bei. Katika kuzunguka nikafika kwenye banda la kampuni moja, jina naliweka kando kwa sasa, inayouza zana kwa seti: unapewa vyuma vimeshakatwa na kutobolewa, bolti, pini na karatasi za michoro, kuchomelea na kufunga unajua mwenyewe. Bei inashuka kwa sababu hulipii fundi wao, na mzigo wenyewe unalala chini ya siti za basi badala ya kukodiwa Fuso.

Kipeperushi cha ofa yao ya planta, zana ya kupandia mbegu kwa trekta, ninacho mpaka leo, nimekihifadhi kwenye nailoni. Kinasema hivi: nunua seti ya reja, iunde mwenyewe, tuma video ikiwa kazini shambani kabla ya Desemba 31, ujipatie seti ya planta ya mahindi BURE. Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, “vigezo na masharti kuzingatiwa”. Nikamuuliza kijana wa mauzo hivyo vigezo ni vipi. Akacheka: “Mama, kigezo ni video tu.” Nikalipa nusu palepale, nusu nyingine kwa simu kabla ya kuchukua mzigo, nikapewa risiti moja ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye bei yote.

Niwape haki yao: seti ni nzuri. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ana karakana ya kuchomelea Makambako, na si mtu wa kusifia kazi za wengine. Alipofungua mzigo alikaa kimya akipitisha kidole kwenye kingo. Kila kipande kimeandikwa namba kwa rangi nyeupe, na pale pa kuungia kingo zimechongwa mshazari ili moto uingie mpaka ndani. Alishika fremu kwa nukta nukta kwanza, akapima pembe hadi pembe kwa futi mpaka vipimo viwili vikalingana, ndipo akaanza kuchomelea, upande huu kidogo, upande ule kidogo, chuma kisije kikajipinda kwa joto. Pini za kushikiza reja nyuma ya trekta zilikuwa milimita 22 kwa mikono miwili ya chini na milimita 19 kwa mkono wa juu, zikaingia kwenye trekta letu bila bushi wala nyundo. Tukapanga miguu ya reja sentimita 75 kwa 75. Novemba reja ikaingia shambani, na majirani wakaja kusimama kando ya barabara kuangalia.

Kuhusu malipo, shemeji hakutaka pesa. Tulikubaliana kwamba planta ikija ataiunda pia, tutaikodisha kwa majirani msimu wa kupanda, na mapato ya mwanzo yatakuwa yake mpaka ujira wa zana zote mbili utimie. Umeme, vijiti vya kuchomelea, diski za grenda, vyote alitoa yeye. Hapo ndipo shida yangu ilipo.

Video nilituma mapema Desemba. Kwenye WhatsApp wakajibu: “Hongera sana mteja wetu! Zawadi yako inaandaliwa.” Ujumbe huo ninao. Baada ya muda mfupi binti yangu akanionyesha ukurasa wao wa Instagram: shamba langu, trekta letu, sauti yangu nikieleza matuta yanavyonyooka, na nembo yao juu. Hawakuniomba ruhusa. Sikukasirika, nilidhani ndiyo dalili kwamba planta imekaribia.

Februari nikauliza. Stoo zimeisha, subiri kontena. Aprili, kontena bado. Mei yule kijana wa mauzo hakupatikana tena, nikaambiwa ameacha kazi na ofa yake siyo ya kampuni. Nikawatumia picha ya kipeperushi chao wenyewe. Ndipo vigezo vikazaliwa: ofa ilikuwa ya waliolipa taslimu yote siku ileile uwanjani. Kwenye kipeperushi neno hilo halipo, kwenye risiti halipo, kwenye “hongera sana” halipo. Nilipobana zaidi wakasema watanipunguzia bei ya planta kwa nusu. Sasa nilipe nusu ya kitu nilichoambiwa ni bure?

Halafu juzi wamenipigia, kwa sauti tamu kabisa, wakiniomba mwaka huu nije Nane Nane na reja yangu, nikae bandani kwao siku zote kuanzia Agosti 1, niwaeleze wakulima jinsi nilivyoiunda. Usafiri na chakula juu yao. Planta hawakuitaja.

Nyumbani maoni yamegawanyika. Mume wangu anasema zawadi haidaiwi, niwaache, reja imeshajilipa kwa msimu mmoja. Mimi sikubaliani naye. Walitaja kazi, nikaifanya, na wao wakafaidika na video yangu. Mdogo wangu anasema niende, ila nikifika bandani nisimulie hadithi yote kwenye kipaza sauti. (Huyo tangu utotoni ni mtu wa vurugu.) Shemeji hasemi kitu, anasema tu “ahadi ni deni”, na sijui kama anawasema kampuni au ananisema mimi. Mwalimu mmoja hapa kijijini kanieleza kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na malalamiko ya namna hiyo yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC.

Kinachonifanya nisite ni ncha za reja. Udongo wetu unazila haraka, na matundu ya zile ncha yamepangwa kwa namna yao, dukani Makambako sijaziona. Nikigombana nao nitanunua wapi? Shemeji anadai anaweza kuzitengeneza kwa springi za lori. Huenda, lakini sijaziona shambani.

Basi naomba mnisaidie kwa haya. Aliyewahi kupeleka lalamiko FCC kwa jambo dogo kama langu, ulipeleka nini na ulijibiwaje? Kipeperushi, risiti na ujumbe wa WhatsApp vinatosha, au maneno ya kijana aliyeacha kazi nayo yana uzito? Je, ni sawa nikiwaambia sitakanyaga bandani mpaka planta iwe imefika mkononi mwangu, au hiyo itageuzwa ionekane ninawatisha? Na ile video, ninaweza kuwataka waiondoe wakati mimi mwenyewe ndiye niliyewatumia?

Na kwa shemeji, nimlipe sasa kwa pesa ya viazi, kisha mimi nibaki kudaiana na kampuni peke yangu? Mume wangu anaona nikimlipa nitakuwa nimekubali kwamba planta haiji. Mimi naona mtu aliyechoma vijiti vyake hapaswi kungoja kontena la watu.

Wanataka jibu langu kabla ya mwisho wa Julai.

Mkulima wa viazi,
Wanging'ombe, Njombe