Barua kwa Mwanaidi: toleo la majaribio lisilofika

Tanga, 12 Julai 2025

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa mama mkwe. Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu, anasema bakuli lako la biriani lipo kabatini na hajamwazima mtu. Nisamehe kwa ukimya. Tangu nilipotoka kwako baada ya Idi nahangaika na jambo moja, nikajiwekea kwamba sikuandikii mpaka nilimalize. Sasa nimelimaliza nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoninyima usingizi.

Ni ile kompyuta. Wakumbuka usiku ule sebuleni kwako tulivyoiandikisha kwenye mpango wa majaribio wa Windows? Ukanichagulia chaneli ya Beta, ukanikataza Dev na Canary, chaneli za matoleo mabichi zaidi, kwamba ukishapanda huko, kushuka ni mpaka ufute kila kitu uanze upya. Asubuhi nikapanda basi, nikavuka mpaka wa Horohoro na furaha yangu. Wiki ya kwanza, hola. Ya pili, hola. Kila nikiamka nafungua ukurasa wa masasisho, nabonyeza kutafuta, kiduara kinazunguka, kisha jibu ni lilelile: kila kitu kipo sawa. Mara wewe ukanitumia picha ya skrini yako, winver, kile kidirisha kinachoonyesha namba ya toleo la Windows, yasema 26120. Nikafungua winver kwangu: 26100. Mwana, hiyo ndiyo ileile wanayotumia watu wote! Mwezi mzima nilidhani nipo kwenye majaribio, kumbe sipo.

Na wajua kwa nini lile toleo nalitaka. Bi Zuhura wa duka la dawa mwaka jana alilala kompyuta ya dukani ikiwa nzima, usiku sasisho likaingia, asubuhi printa ya risiti haitoi hata mstari. Siku nzima yule mama anaandika dawa kwa mkono, watu wamejipanga hadi barazani, na programu ile ya kuuzia dawa nimeiandika mimi. Hakunigombeza. Afadhali angenigomba. Nilimwahidi kwamba kuanzia siku ile kila toleo nitaliona mimi kwanza, nitalijaribu na printa, ndipo lifike dukani kwake. Sasa nitalionaje ikiwa haliji?

Nilianza kwa kuishuku hotspoti. Nilipofika nyumbani siku ile nilikuwa natumia bando la simu, nikaiambia kompyuta kwamba intaneti hii inapimwa, isipakue ovyo. Nikaitoa hiyo alama, nikaenda kwa kina Hamisi kwenye waifai. Hakuna. Nikafuta video za harusi ya Rukia (usimwambie, nakala ninazo kwenye diski) ili nafasi isiwe kisingizio. Hakuna. Nikasimamisha huduma ya masasisho, wuauserv, na mwenzake bits, nikalibadilisha jina lile folda la SoftwareDistribution ili lijengwe upya, nikaziwasha tena. Hapo nilitaka kuzimia, maana historia yote ya masasisho ilionekana tupu. Baadaye nikaelewa ni orodha tu iliyofutika, masasisho yenyewe yapo. Lakini la majaribio, hakuna. Hamisi akashika lake moja: piga Windows upya. Nikakataa. Kazi ya miaka 2 imo mle.

Sasa sikiliza nilipoipata. Mwezi mzima nilikuwa natazama ukurasa wa masasisho peke yake. Juzi nikateremka chini kabisa nikafungua ule wa mpango wenyewe wa majaribio, tuliouacha usiku ule. Imeandikwa pale, wazi, kwamba mpango unahitaji data za uchunguzi za hiari ziwashwe. Mwanaidi, nilizizima mimi. Usiku uleule niliofika, nikiwa na bando la kuhesabu, nilipita kwenye mipangilio nikazima kila ninachokiona kinatuma kitu nje. Zile data zikizimwa, kompyuta inaendelea kupata masasisho ya kawaida kama kompyuta yoyote, ya majaribio yanakoma, na ule ukurasa wa masasisho haukuambii. Nikaziwasha, nikazima na kuwasha kompyuta, nikatafuta. Likaja. 26120. Nilipiga kigelegele, mama akatoka jikoni akidhani kuna posa.

Halafu, lilipokuwa linapakua, nikakaa nikasoma hizo data ni nini hasa. Ndipo furaha ikapungua. Za lazima ni hali ya mashine tu na kama sasisho limeingia salama. Za hiari zinaongeza tovuti unazofungua, unavyotumia programu, na programu ikianguka hubebwa hali ya kumbukumbu ya kompyuta wakati ule, ambayo yaweza kubeba bila kukusudia vipande vya faili ulilokuwa umelifungua. Na mimi faili ninalolifungua kutwa ni lipi? Nakala ya daftari la Bi Zuhura. Majina ya watu wa mtaa huu, na dawa wanazokunywa. Yumo mwalimu wetu wa darasa la 5. Yumo mama yangu.

Nikazima tena. Nikawasha. Nikazima. Hivi ninavyokuandikia zimezimwa, toleo limeshaingia, lakini linalofuata halitakuja. Nimerudi palepale: nikitaka kumlinda Bi Zuhura na sasisho la ghafla, niache wagonjwa wake mlango wazi, nikiufunga, nakaa gizani. Nimeanza kuandika daftari la majina ya kubuni la kujaribia, nimefika majina 40, lakini daftari halisi bado linakaa kwenye mashine hiyohiyo na siamini mkono wangu saa 6 usiku. Dawa yake ni mashine mbili. Ile ya zamani nimeijaribu, Windows 11 inaikataa, haina TPM 2.0, ile chipu ya usalama inayodaiwa, na Windows 10 iliyomo mwisho wake wa kuhudumiwa ni 14 Oktoba.

Kwa hiyo nakuja na ombi, shoga. Ile kompyuta ya shemeji yenye kioo kilichopasuka bado ipo? Ina TPM 2.0? Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc, uniambie yasemaje. Ina RAM GB 4 au zaidi, na diski GB 64? Kioo si kitu, nitaichomeka kwenye skrini ya nje. Ataiuza au ataniazima hadi Desemba? Na wewe, kile kitufe cha kupata mapya mara yanapotoka umekiwasha? Nauliza kwa sababu hata namba zetu zikifanana, kwako waweza kuona kitu ambacho kwangu hakijafunguliwa bado, nami nitaanza tena kuhangaika bure. Na data za wateja wako wa saluni, unaziweka wapi wewe? Hujawahi kuliwaza hili, au uliliwaza ukanyamaza?

Nijibu kabla ya Alhamisi. Siku hiyo nakwenda dukani, na Bi Zuhura lazima ataniuliza kama nimeliona.

Wako,
Mwanakombo