Kompyuta haikuichagua 2147483647 kwa utasa wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji nisahihishe jambo moja lililomo katika makala yenu kuhusu kompyuta na kalenda. Mwandishi alieleza vyema kwamba mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na kwamba hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Afrika Mashariki ikiwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Alipokosea ni pale aliposema kuwa wahandisi waliiteua 2147483647 iwe kikomo kwa kuwa ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Kwamba ni tasa, hilo halina ubishi. Kikomo chenyewe, hata hivyo, kimetokana na nafasi ya kuandikia tu. Mifumo hiyo huandika namba kwa biti 32, yaani tarakimu 32 ambazo kila moja ni 0 au 1, na moja ikishatengwa kuonyesha chanya au hasi hubaki 31, ambazo zote zikijazwa 1 thamani yake huwa 2 kipeo cha 31, toa 1. Kwa biti 16 kikomo ni 32767, ambacho ni zao la 7, 31 na 151. Kwa biti 64 kikomo hugawanyika kwa 7, wala hakuna programu iliyowahi kudhurika kwa hilo.

Utasa wa namba hii ulihitaji kuthibitishwa, kwa sababu kipeo kuwa tasa hakutoshi: 11 ni tasa, lakini 2 kipeo cha 11, toa 1, ni 2047, yaani 23 mara 89. Aliyeuthibitisha ni mwanahisabati Leonhard Euler, aliyemwandikia mwanahisabati mwenzake Daniel Bernoulli habari hizo mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa. Ilitosha kutafuta vigawo visivyozidi kipeuo cha pili cha namba hiyo, kama 46340, lakini hata humo zimo namba tasa zaidi ya 4,700, na kugawanya kwa kila moja kwa mkono ni adhabu. Euler alionyesha kwamba kigawo chochote kilicho tasa, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Namba za namna hiyo chini ya kikomo hicho ni 373 tu, ukiiacha 1 yenyewe, na nyingi kati yake si tasa, hivyo huondolewa kabla ya kalamu kugusa karatasi. (Wanafunzi wangu niliwazoesha kugawanya kwa kila namba iliyo mbele yao, leo najuta.)

Iko kazi moja ya kompyuta ambamo utasa huo una maana kweli, nayo ni kuzalisha namba zinazoonekana za kubahatisha. Chukua namba, izidishe kwa 16807, gawanya kwa 2147483647, kisha shika baki na urudie. Ukianza na 1 utapita namba zote hadi 2147483646, kila moja mara moja, kabla ya kurudi ulikoanzia. Kigawanyo kisichokuwa tasa hakiwezi kutoa mzunguko uliokamilika hivyo, hata ukibadilisha kizidishi. Mfano huo ndio ungemfaa mwandishi wenu.

Mwalimu mstaafu wa Hisabati,
Tanga