Mbegu za mpopi mwitu si dawa

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita nilimkuta bibi jirani yangu ameanika uani lile gugu la miiba linaloota kando ya barabara, lenye maua ya njano na utomvu wa rangi ya binzari. Wataalamu huliita Argemone mexicana, jamii ya mpopi. Alitaka kumchemshia mjukuu mwenye homa. "Mwalimu, hii imepimwa huko Afrika Magharibi," aliniambia. Ungoni majani, mashina na vitumba vyenye mbegu nyeusi vilikuwa vimechanganyika.

Bibi hakudanganywa. Nchini Mali, watafiti walianzia majumbani: waliwauliza wazazi, mtoto alipougua malaria mlimpa nini, na ikawaje? Mmea huu ukajitokeza kuliko mingine. Kisha maji ya mmea huo uliochemshwa yalilinganishwa na dawa mseto ya malaria kwa wagonjwa 301. Matokeo yalichapishwa 2010: asilimia 89 ya waliokunywa mmea hawakuhitaji dawa nyingine, na kwa dawa mseto ni asilimia 95. Nauheshimu sana utafiti ule, kwa sababu uliwasikiliza wanakijiji kwanza. Lakini kupona homa si kumaliza vimelea vya malaria. Wengi waliotumia mmea walibaki navyo damuni.

Habari hiyo inasafiri huku jambo moja zito likiachwa nyuma. Mbegu zina sumu iitwayo sanguinarini. Zinafanana na haradali, na mwaka 1998 mjini Delhi mafuta ya haradali yaliyochanganywa na mafuta ya mbegu hizi yalivimbisha watu miguu, yakawadhoofisha moyo, na zaidi ya 60 wakafa. Mganga mzoefu anajua kipi cha kuchuma na kipi cha kuacha. Anayeokota habari kwenye simu hajui.

Naziomba taasisi zetu, hasa Taasisi ya Dawa za Asili pale Muhimbili, zituandalie maelezo mafupi ya Kiswahili kuhusu mmea huu, yenye picha ya mbegu zake, yabandikwe kwenye zahanati za vijiji. Waganga wa asili nao waitwe mezani tangu mwanzo, kama walivyofanya Wamali.

Mjukuu tulimpeleka zahanati. Kipimo kilionyesha malaria, akapewa dawa mseto, na juzi nimemwona akicheza mpira. Vile vitumba bibi alivitumbukiza chooni mwenyewe, kimoja kimoja.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma