Barua kwa mwanangu: swali kwanza, kitabu baadaye

Mwanangu mpenzi,

Dada yako amenionyesha ujumbe wako wa Jumapili. Enterogasio, yaani jaribio, ya sheria ya katiba, Katiba yenyewe mmeruhusiwa kuwa nayo mezani, na muda umeisha ukiwa bado kwenye swali la pili. Usingizi umenitoka. Kusoma unajua, tena unasoma kuliko wenzako wote wa hapa mtaani. Lakini unaanza ukurasa wa kwanza hata pale ulipoulizwa kitu kimoja tu.

Katiba yetu ya Kongo ya 2006 ina vifungu 229. Chukua swali hili: je, shule ya msingi ni ya bure? Kabla hujafungua chochote, liandike swali kwenye karatasi, na chini yake maneno mawili matatu ambayo huenda yamo kwenye jibu. Yaandike kwa Kifaransa, kwa kuwa ndicho utakachokuta ndani. Ukiwinda "école" (shule) peke yake utalipita jibu, maana sheria inasema "enseignement primaire" (elimu ya msingi). Kila neno liandike pamoja na ndugu zake, yaani maneno yenye maana ya karibu.

Halafu nenda kwenye yaliyomo. Vitabu vingi vya Kifaransa huyaweka mwisho, kwa hiyo usikate tamaa ukiyakosa mbele. Utaona kichwa cha pili, haki za binadamu; ndani yake sura ya pili, haki za uchumi, jamii na utamaduni, kifungu cha 34 hadi cha 49. Vifungu 229 vimebaki 16. Hivyo 16 navyo usivisome. Telemsha kidole katikati ya ukurasa, macho yatafute umbo la neno tu. Ukianza kutamka moyoni, mwendo unapungua palepale. Utasimama kwenye kifungu cha 43.

Hapo sasa usikimbie, kwa sababu nakujua: ukiliona neno unaondoka nalo. Hapo ndipo pa kusoma polepole. "Obligatoire et gratuit", ya lazima na ya bure, ndiyo, lakini sentensi inaendelea: "dans les établissements publics", katika shule za serikali. Aliyeishia kwenye "gratuit" ataandika kwamba kila shule ya msingi ni ya bure, na atakosa. Soma sentensi nzima, ya kabla yake na ya baada yake, ukichunga "sauf" (isipokuwa), "toutefois" (hata hivyo) na "sous réserve de" (kwa sharti la).

Angalia pia nakala uliyoshika ni ya mwaka gani. Katiba ilirekebishwa Januari 2011. Kifungu cha 71 cha 2006 kilidai rais apate zaidi ya nusu ya kura. Cha sasa kinamtosha aliyepata kura nyingi kuliko wengine.

Kwenye simu, andika mzizi "gratui", utakamata gratuit, gratuite na gratuité kwa mara moja. Lakini silabusi nyingi, yaani vijitabu vya kozi, ni fotokopi zilizopigwa picha. Simu haioni herufi humo, itakuambia hakuna kitu, na kumbe kipo. Rudi kwenye kidole.

Sisemi uache kusoma kitabu kizima. Kozi unayotaka kuielewa isome yote. Uvumilivu wako huo ninajivunia mbele ya watu. Ila ukitafuta kitu kimoja, nakuomba tena, swali kwanza, na liwe kwenye karatasi, si kichwani. Ukipata jibu, andika namba ya ukurasa pembeni, maana unapoteza saa nzima kutafuta ulichokwisha kukiona jana.

Mguu wa bibi umepona, anakusalimia. Makaa ya kupikia yamepanda bei, kwa hiyo pesa ya silabusi iliyobaki itafika mwisho wa mwezi; usikope kwa wenzako. Unga wa bukari na ndagala nimempa baba mdogo, anapanda basi la Kolwezi Ijumaa. Mfuate mapema, ana mizigo mingi. Na mfuko wa buluu umrudishie, ni wa jirani.

Swali kwanza, mwanangu.

Mama yako,
Lubumbashi