Mwanaidi, lile bonde jeupe si la chaki

Kasarani, Nairobi

Kwako Mwanaidi,

Salamu nyingi, na wote hapo nyumbani wasalimie. Picha uliyonitumia ya kuta nyeupe zilizokatwa wima ni ya Kariandusi, ukishapita Gilgil, jirani na Ziwa Elementaita. Ni kama kilomita 120 kutoka Nairobi. Kwenda na kurudi siku moja inawezekana kabisa ukitoka alfajiri. Ila hilo "bonde la chaki" ulilosoma, chaki pale hakuna hata punje, na ukienda ukitafuta chaki utatazama kuta na kuondoka bila kuona kilichokupeleka.

Jiwe lile ni diatomaiti. Chaki yenyewe, kama ile ya vilima vya kusini mwa Uingereza, ni jamaa ya chokaa, imetokana na magamba ya viumbe vidogo vya baharini. Diatomaiti ni jamaa ya kioo. Ndani ya ziwa huishi mwani wa seli moja, usioonekana kwa macho matupu, unaojijengea gamba la silika. Bonde la Ufa silika haikosekani, maana mawe ya volkano yakilika huiachia majini. Mwani ukifa, gamba huzama. Yakilaliana chini kwa maelfu ya miaka bila tope kuyachafua, ndipo unapata weupe ule. Kwa hiyo ukiwa mbele ya ule ukuta, umesimama penye sakafu ya ziwa lililokauka zamani za kale.

Wewe wa Mombasa una njia rahisi ya kulihakikisha hili. Beba kipande cha jiwe la matumbawe kutoka ukuta wowote uliobomoka, na siki kidogo kwenye kichupa. Dondosha siki juu ya tumbawe: litatoa povu, kwa kuwa ni chokaa. Kisha mwombe mwongozaji akuonyeshe kibonge cha diatomaiti kilichokwisha kuanguka, udondoshe tone lile lile. Hakuna povu. Tone linanywewa tu, linaacha doa la kijivu. Kibonge chenyewe ukikishika utadhani kimetobolewa ndani, wepesi wake haulingani na ukubwa wake. Kiguse kwa ncha ya ulimi, kinanata, kwa sababu vile vitundu visivyoonekana vinafyonza mate. Ni vitundu hivyo hivyo vinavyofanya unga wake utumike kuchujia vinywaji na maji ya mabwawa ya kuogelea. Unga huo pia huua wadudu wa nafaka: humkwaruza mdudu ile nta ya mwilini mwake, akakauka.

Sasa safari. Matatu za Nakuru zinapatikana upande wa River Road na Nyamakima. Panda ile inayokaribia kujaa, hata kama manamba anakuvuta kwenye ile mpya yenye muziki, maana iliyo tupu itakuweka saa nzima. Hakikisha inapitia Naivasha na Gilgil, na mwambie kondakta "Kariandusi" kabla hujakaa, kisha umkumbushe mkifika Gilgil. Asiposikia utashtukia uko Mbaruk. Usishangae ukitozwa nauli ya Nakuru nzima. Kiti chako kitaenda kitupu kutoka hapo na wao wanalijua hilo. Baada ya Gilgil utapita Kikopey, na moshi wa nyama choma utakuita. Usiteremke. Hiyo ni ya kurudi.

Kutoka barabara kuu, jumba la makumbusho la Kariandusi liko kilomita 2 hivi ndani, mkono wa kulia ukitokea Nairobi. Kwa mguu ni nusu saa, au chukua boda. Kiingilio lipa kwa simu, kwa hiyo uwe na chaji na salio. Hapo mlangoni ndipo unapoomba mwongozaji, na ueleze mapema kwamba unataka kuona machimbo ya diatomaiti pia. Mashimo yale ni eneo la kazi, hayaingiwi kiholela, na kuna siku utaambiwa uangalie ukiwa juu tu. Ukiambiwa hivyo, kubali. Diatomaiti ina nyufa za wima, na ikinywa maji ya mvua inaongezeka uzito, kipande kinaachia bila mlio. Usipigie picha chini ya ukuta, hata kama ndipo penye mwanga mzuri. Kuna na mapango yaliyochimbwa na wachimbaji, makazi ya popo. Humo ni tochi na mwongozaji, vinginevyo baki nje.

Mavazi: usivae nyeusi, utarudi umepakwa unga kama mpika mikate. Barakoa ni lazima, na kama ile pumu bado inakusumbua, siku ya upepo baki makumbusho, vumbi la silika si la kuchezea mapafu. Kofia peke yake haitoshi kwa jua, kwani mwanga unapiga sakafu nyeupe na kurudi juu, unakuchoma kidevu na chini ya pua. Jipake mafuta ya jua huko pia na uvae miwani ya giza. Simu nayo inadanganyika na weupe ule, inafanya sura za watu ziwe nyeusi tii. Gusa uso wa mtu kwenye kioo kabla ya kupiga. Kimo ni karibu mita 1,800, kwa hiyo asubuhi sweta, mchana utalifunga kiunoni. Epuka Aprili na Mei, kwa sababu unga ule ukilowa unateleza kuliko sabuni. Januari au Februari ni sawa.

Makumbusho yenyewe usiyapite mbio. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipatambua hapo mwaka 1928, na mashoka ya mkono, zana za mawe za watu wa kale, yamelala pale pale yalipochimbuliwa, yamezungushiwa uzio. Umri wake unakadiriwa kati ya miaka 700,000 na milioni 1. Tafuta yale ya obsidiani, kioo cheusi cha volkano. Umbo ni la embe lililobanwa: kitako cha kushika, ncha mbele, na kingo zimemeguliwa pande zote mbili. Tazama kovu za kumegua, kila moja ina mawimbi kama ya jiwe lililotupwa majini. Waliotengeneza walikuwa wakikaa kando ya maji. Na usiokote kitu, hata kijiwe kidogo, sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi haitanii.

Ukimaliza kabla ya saa saba mchana, rudi barabarani uvuke kuelekea ziwani. Ndiyo maana nakusihi uanze na machimbo: asubuhi umeona ziwa lililokufa, mchana unaona lililobaki. Elementaita halina mto wa kutokea, maji huingia na kuishia kwa jua, ndiyo maana ni ya magadi. Heroe, yaani flamingo, wale ndege wa rangi ya waridi, wanapenda humo. Ndege waitwao mwari weupe hutaga kwenye visiwa vya mawe, lakini kutafuta samaki huenda Ziwa Nakuru, kwa hiyo utawaona wakizunguka juu na hewa ya moto kabla ya kuelekea huko. Kusini mwa ziwa kuna kilima chenye paji la uso, pua na kidevu. Wanakiita Shujaa Aliyelala. Kukipanda ni mpaka uingie hifadhi ya Soysambu, ulipe na uwe na gari, kwa sababu kuna wanyama. Kwa siku moja kitazame tu kutoka barabarani, ndipo anapoonekana amelala vizuri.

Kurudi, usisimame Kariandusi kupunga mkono, za kutoka Nakuru hupita zimejaa. Chukua yoyote ya karibu hadi Kikopey ule, kisha Gilgil stejini upate ya Nairobi. Saa tisa uwe umeondoka. Kama ni Jumapili, ondoka saa nane, maana kati ya Naivasha na Kinungi malori na watu wa wikendi hufunga barabara hadi usiku.

Niandikie treni yako inaingia lini Syokimau. Tumbawe usilisahau, na mkobani pakibaki nafasi, halua.

Wako,
Njeri